Uyoga wa Msitu wa Kinamasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Masika yakishika, picha huanza kuingia kwenye simu: kofia nyeupe kiganjani, shina limekatwa, mti hauonekani, na chini yake maneno mawili, "Huu unalika?" Kwa picha ya namna hiyo hakuna mtu anayeweza kukujibu kwa haki. Majibu yaliyo hapa ni ya wanaotaka kujua wanachokiona kabla ya kufikiria sufuria. Mimi mwenyewe huutafuta uyoga kwa kuutazama zaidi kuliko kuula, na msimamo huo utauona kila mahali hapa chini.

Mombasa ni mawe ya matumbawe na lami. Huo msitu wa kinamasi uko wapi?

Uko karibu kuliko unavyodhani. Kisiwa kimezungukwa na mikoko pande za Tudor na Port Reitz, na ukivuka daraja la Nyali ukashika njia ya kaskazini utaikuta tena kwenye hori la Mtwapa. Hicho ni kinamasi cha maji ya chumvi. Cha maji baridi kifuate Kwale, kwenye mabonde ya Shimba Hills, kilomita 30 na ushei kutoka mjini. Huko usitafute dimbwi, tafuta miti. Penye mikindu na mitomondo, ardhi huwa haikauki hata kiangazi, na magogo yaliyoanguka hubaki na unyevu mwaka mzima.

Katikati ya hayo mawili kuna mashamba ya zamani ya minazi na miembe yanayoshuka kuelekea vijito, Kisauni, Jomvu, Likoni. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye aina nyingi zaidi, na ndipo watu wanapopita bila kuinamisha kichwa.

Wengine huuliza kuhusu Bamburi. Machimbo ya saruji pale yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 chini ya René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, na jongoo wakaachiwa wasage yale majani magumu mpaka yageuke udongo. Kuvu nao wamo kwenye kazi hiyohiyo. Ni pahali pazuri pa kujifunza kwa macho, ila si pa kuchuma.

Nimezunguka mikokoni asubuhi nzima na sijaona hata mmoja. Nakosea wapi?

Unatazama chini. Sakafu ya mikoko hufunikwa na maji ya bahari kila maji yanapojaa, tope lake lina chumvi na halina hewa, na uyoga wa ardhini hauwezi kuishi hapo. Inua macho. Tafuta mti uliokufa ukiwa umesimama, hasa mchu, au tawi lililovunjika likaning'inia juu ya alama ambayo maji huishia. Kwenye mbao hizo utakuta Schizophyllum commune, uyoga mdogo mkavu wa kijivu usio na shina la maana, wenye manyoya juu na mistari iliyopasuka katikati upande wa chini. Mvua ikikosekana hujikunja, ikinyesha hujikunjua na kuendelea na kazi yake. Utakuta pia vile vigumu kama ubao vinavyojitokeza ubavuni mwa mti, ambavyo havina hamu yoyote kwa mpishi.

Baada ya hapo panda kwenye ukingo wa juu, pale mkandaa unapoisha na vichaka vya kawaida vinapoanza. Mpaka huo wa hatua chache una uyoga kuliko mikoko yote iliyo nyuma yako.

Na uangalie majira ya maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Ingia maji yakiwa bado yanatoka, toka kabla hayajageuka. Ukitaka kuona mikoko bila kuzama topeni, Gazi, upande wa Kwale, kuna njia ya mbao inayoendeshwa na akina mama wa kijiji, na ada yake hubaki kijijini.

Msimu wake ni upi?

Masika, Aprili hadi Juni, na kwa kawaida Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi hapa. Vuli, Oktoba hadi Desemba, huleta mavuno madogo lakini yasiyotabirika, na hilo ndilo linaloifanya ipendeze. Toka siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, na utoke alfajiri. Kuna aina zinazochomoza usiku, zinafunguka asubuhi, na kufikia adhuhuri zimeyeyuka kuwa maji meusi.

Nikiuona uyoga, nianze kuangalia nini?

Anza chini upande juu. Wengi huanza na kofia kwa sababu ndiyo inayopendeza, na kofia ndiyo inayodanganya kuliko kitu chochote: rangi huoshwa na mvua, umbo hubadilika kwa umri, konokono hula nusu yake. Wahenga waliitega, "Nyumba yangu ina nguzo moja." Basi kagua nguzo na msingi wake kabla hujasifu paa.

Swali la kwanza ni kwamba umeota juu ya nini. Udongo? Gogo? Kinyesi cha ng'ombe? Mabaki ya makuti? Kichuguu? Hapo peke yake umeshaondoa nusu ya majina. Angalia na miti iliyo jirani. Mrihi na mbambakofi, kwa mfano, huishi kwa kushirikiana na kuvu za ardhini kwenye mizizi yake, kwa hivyo chini yake hutokea jamaa ambao chini ya mwembe huwaoni.

Kisha chimba. Usiung'oe kwa kuvuta. Ingiza kisu au kijiti kando, uunyanyue pamoja na udongo wake. Unachotafuta ni kifuko, ile ngozi nyeupe inayobaki imelizunguka tako la shina baada ya uyoga kupasua gamba lake la uchanga. Ukikata shina juu ya udongo, kifuko kinabaki ardhini na wewe unaondoka bila dalili muhimu kuliko zote. Jamii ya Amanita, yenye baadhi ya uyoga unaoua kwa hakika zaidi duniani, mara nyingi huwa na kifuko hicho, pete shingoni, na matamvua meupe, yaani vile vibapa vyembamba chini ya kofia.

Lakini kifuko peke yake hakitoshi kuhukumu. Volvariella volvacea, unaoota kwenye majani yanayooza na unaolimwa sana Asia, una kifuko pia. Ukiwa mchanga, wakati bado umefungika ndani ya gamba, ukiupasua kwa wembe katikati unafanana mno na Amanita mchanga. Watu waliohama Asia kwenda Marekani wamekufa kwa kuchanganya huu na Amanita phalloides. Ukikomaa tofauti hujitokeza: Volvariella hana pete, na matamvua yake hugeuka ya waridi.

Baada ya msingi, panda shinani: lina pete au halina, pete inasogea au imeshika, ndani ni wazi au pamejaa. Halafu matamvua: yanaligusa shina au yanaishia kabla? Yana rangi gani uyoga ukiwa mchanga, na gani ukizeeka? Kata nyama uone kama inabadilika rangi, nusa, andika. Kofia iwe ya mwisho.

Nimesikia kuna kipimo cha karatasi. Kinafanywaje?

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani, na gharama yake ni karatasi. Kata kofia iliyokwisha kufunguka, ilaze matamvua yakitazama chini, nusu yake juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya nyeusi. Funika kwa bilauri au bakuli. Iache usiku kucha. Asubuhi ukiinua utakuta vumbi laini limechora mistari ya matamvua: hizo ni spora, ndizo mbegu za uyoga, na rangi yake haibadiliki kwa mvua wala jua.

Kwa hali ya hewa yetu kuna mambo mawili ya kuzingatia. Zima pangaboi, la sivyo vumbi lote litatawanyika chumbani. Na usiiache kofia zaidi ya usiku mmoja, maana kwa joto la Mombasa itaoza na kutoa funza juu ya karatasi yako.

Spora nyeupe ni za jamii nyingi sana, Amanita wakiwamo. Waridi ni za Volvariella na za uyoga wa kichuguu. Kahawia iliyoiva kama kahawa ni za Agaricus, ndugu wa ule unaouzwa kwenye pakiti madukani. Kijani ni ya huyu anayefuata.

Ule mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi za uwanja, wenye magamba ya kahawia juu, ni wa kula?

Hapana. Huyo ni Chlorophyllum molybdites, na katika nchi za joto ndiye mkosaji wa kawaida kuliko wote. Anavutia: kofia pana kuliko sahani ya chai, nyama nyeupe, harufu ya kawaida tu, na huota kwa mduara kwenye nyasi zilizofyekwa baada ya mvua. Akiwa mchanga matamvua yake ni meupe na anafanana kabisa na wa kula. Akikomaa huanza kupata ukijani mchafu, na kipimo cha karatasi huonyesha kijani bila kificho. Ukimla, ndani ya saa moja hadi tatu utatapika na kuharisha hadi uombe msamaha kwa dhambi ambazo hukuzifanya. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupona. Mtoto mdogo anaweza kupungukiwa maji mwilini haraka, na hapo si jambo la mzaha.

Na uyoga wa kichuguu?

Sasa tumefika kwenye wenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Termitomyces, na habari yake ni nzuri kuliko ladha yake, ingawa ladha nayo si haba. Mchwa wa aina hii hawawezi kumeng'enya mbao na majani makavu kwa nguvu zao. Huyatafuna, wakajenga kwayo bustani ndani ya kichuguu, na juu yake wakapanda kuvu. Kuvu inalainisha, mchwa wanakula. Ukulima huu ulianza Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita. Sisi binadamu mpaka leo hatujaweza kuupanda uyoga huu kwa biashara. Anayeutaka lazima amngojee mchwa.

Mvua inapokolea, bustani ile huchomoza uyoga. Shina linapasua udongo mgumu kutoka chini, ndiyo maana katikati ya kofia pana ncha ngumu iliyochongoka. Ukichimba taratibu utaona shina haliishii kwenye udongo bali linaendelea kushuka, likiwa jembamba na mara nyingi jeusi kwa nje, hadi kwenye bustani yenyewe. Mara nyingi hukatika mkononi kabla hujafika mwisho. Mzizi huo, ncha ya kofia, matamvua yasiyolishika shina, na spora za waridi: ukivipata vyote vinne pamoja, una sababu ya kufurahi. Haijulikani aina ya Termitomyces yenye sumu. Zambia kuna Termitomyces titanicus, ambaye kofia yake hufika upana wa karibu mita 1.

Tahadhari ni moja. Kuota juu ya kichuguu si cheti. Zipo aina nyingine zinazopenda udongo huo, kama Podaxis, na upepo hauchagui pa kudondosha spora. Wapo pia Termitomyces wadogo sana wanaotapakaa kwa mamia bila mzizi mrefu, na hao waachie wazee walioonyeshwa na wazee wao.

Kwenye tawi la mwembe uliooza kuna vitu laini vya kahawia kama masikio. Ni uyoga?

Ni uyoga, jamii ya Auricularia. Hauna shina la kuonekana wala matamvua, nyama yake ni kama mpira laini, ukikauka husinyaa na kuwa mweusi, ukilowekwa hurudi. Wachina huula sana kwenye supu. Kwa anayeanza, huu ndio ninaoupendekeza kujifunza kwanza, kwa sababu umbo lake ni gumu kulichanganya.

Bibi alikuwa akitia pete ya fedha kwenye sufuria; ikigeuka nyeusi, anamwaga. Je, ni kweli?

Shikamoo yake, lakini si kweli. Fedha hugeuka nyeusi kwa salfa, na sumu ya Amanita haina habari na fedha. Hali kadhalika kitunguu saumu, wali unaobadilika rangi, chumvi, ndimu. Bibi aliishi kwa sababu alikuwa akiujua uyoga wa kwao kabla hajautia sufuriani. Ile pete ilikuwa ya kumtuliza roho tu.

Kima na konokono wameula na hawakufa.

Matumbo yao si yako.

Nikiuchemsha na kumwaga maji ya kwanza?

Sumu za Amanita hazivunjwi na moto, hazitoki zote na maji, na hazikaushwi na jua. Kupika husaidia kwa aina chache zinazosumbua tumbo zikiwa mbichi, na ndiyo sababu hata uyoga wa kula haufai kuliwa mbichi. Lakini ikiwa unachemsha kwa kuwa huna hakika, jibu ni kumwaga pamoja na uyoga wenyewe.

Je, kuugusa tu kunadhuru?

La. Lazima umezwe. Nawa mikono kabla ya kula na inatosha.

Uyoga ni halali?

Asili ya vitu vitokavyo ardhini ni ruhusa, na chenye kudhuru au kulevya kinatoka humo. Kwa hivyo wale wembamba wanaoota kwenye kinyesi cha ng'ombe, ambao vijana huuziana kwa kupotosha akili, hawana pa kujificha. Watu hutaja pia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu kam'a na maji yake kuwa dawa ya macho. Kam'a ni aina iotayo chini ya mchanga wa jangwani, haihusiani na hii ya kwetu. Tafadhali usimtie mtu maji ya uyoga machoni. Ukitaka fatwa yenyewe, muulize sheikh wako.

Kuna programu ya simu inayotambua uyoga. Inatosha?

Inatosha kukupa jina la kuanzia kutafuta. Haitoshi kukupa chakula. Picha nyingi zilizotumiwa kuzifundisha programu hizi ni za uyoga wa Ulaya na Marekani, na simu haichimbi wala hainusi. Ukipiga picha, piga nne: mahali ulipoota, ubavu mzima pamoja na tako la shina, matamvua kutoka chini, na kofia. Weka sarafu kando ili ukubwa ujulikane.

Nahitaji ruhusa?

Mara nyingi ndiyo. Shimba Hills ni hifadhi ya taifa tangu 1968, leo iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na huchumi kitu humo bila kibali, hata jani. Mikoko imekuwa msitu wa serikali tangu 1932 na msimamizi wake leo ni KFS, shirika la misitu. Misitu ya kaya za Mijikenda, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, ina wazee wake na miiko yake. Nenda na mzee, tazama, rudi mikono mitupu. Shambani kwa mtu, piga hodi. Sijaona mwenye shamba aliyekataa mtu aliyeomba kwa adabu kuangalia uyoga, ila wote humdhania ni kichaa.

Nichukue vifaa gani?

Gambuti, suruali ndefu, kisu kidogo, kalamu, na pakacha au kikapu cha ukindu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na hata isingepigwa ningekukataza, maana uyoga hutoka jasho ndani yake ukawa uji kabla hujafika kivukoni Likoni. Kila aina ifunge kwenye karatasi yake. Mikokoni angalia mizizi ya mchu inayochomoza topeni, hutoboa kiatu chepesi. Kwenye magogo ya Shimba geuza kwa fimbo kwanza, moma hupenda pahali palepale unapopapenda. Na Shimba kuna ndovu wengi, kwa hivyo tembea na askari wa hifadhi. Safari ya miguu ya kuongozwa hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa zaidi ya mita 20, inapita kwenye msitu mzuri wenye unyevu.

Umeota mwingi karibu na jaa la taka. Aina naijua, niuchume?

Usiuchume. Uyoga hunyonya risasi, zebaki na kadimi kutoka udongoni na kuzirundika. Ondoa kwenye hesabu yako majaa ya zamani na ya sasa, kando ya barabara kuu, na popote panapopita maji machafu, ikiwamo sehemu kubwa ya kingo za hori la Tudor.

Mtu amekula uyoga na sasa anatapika. Nifanye nini?

Mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri ujue ni uyoga gani. Kisiwani kuna Hospitali Kuu ya Pwani. Namba za dharura ni 999 na 112. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, usimpe maziwa wala mafuta ya nazi. Chukua mabaki yote: yaliyopikwa, mabichi, hata maganda ya jaani. Waambie madaktari alikula saa ngapi na dalili zilianza saa ngapi, maana hapo ndipo wanapoanzia. Kila aliyekula chungu hicho aende, hata asiyeumwa.

Dalili zikianza ndani ya masaa mawili matatu, mara nyingi ni sumu ya tumbo. Zikianza baada ya masaa 6 au zaidi, hofu iongezeke. Hivyo ndivyo sumu ya Amanita phalloides inavyofanya kazi, na baadhi ya uyoga wadogo wa jamii ya Lepiota wanayo pia: kimya cha masaa 6 hadi 24, kisha kutapika na kuharisha vikali, kisha siku ya pili mgonjwa anapata nafuu, anaomba chai, jamaa wanashukuru na kutaka kumrudisha nyumbani. Wakati huo ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne hali hugeuka. Nafuu ya siku ya pili isikutoe hospitalini.

Nimepata uyoga usiofanana na chochote nilichokiona. Niupeleke wapi?

Uhifadhi kwanza. Fanya kipimo cha karatasi ukiwa mbichi. Kisha upasue katikati kwa urefu, uulaze juu ya waya mbele ya feni au mbali kidogo na jiko, ukauke bila kuiva, hadi ukivunjika utoe sauti. Utie kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, la sivyo unyevu wa Pwani utaurudisha ulikotoka. Hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iko kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Wasiliana nao kwanza kabla ya kutuma. Juu ya bahasha andika kwa penseli, si kalamu ya wino: tarehe, mahali, ulipoota juu ya nini, miti ya jirani, rangi ukiwa mbichi, harufu, rangi ya spora. Bila maandishi hayo, wataalamu watabaki na kipande kikavu cha kahawia tu.